Jirani anachimba msingi mita 3 kutoka kwenye mti mkubwa wa uani: utapona? Na ukifa, viumbe waliomo waende wapi?

Chipukizi

Wakuu, habari za humu. Naomba majibu ya wanaoijua miti, hata kama hayatanifurahisha.

Mtaa ni wa nyumba zenye ua. Viwanja vinagawanywa viwiliviwili, na katapila likiingia, miti ya uani ndiyo ya kwanza kuondoka. Mti mkubwa uliobaki upande huu ni huu wangu. Vipimo vyake: mzingo wa shina sm 190, umepimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kipenyo pale shina linapoingia ardhini ni sm 70. Kimo ni kama mita 14, na matawi yanafika mita 6 kila upande. Kutoka katikati ya shina hadi mpakani ni mita 2, na msingi wa jirani utachimbwa mita 1 ndani ya kiwanja chake. Udongo ni mfinyanzi. Shina likigongwa kwa chini linatoa sauti ya uwazi, na kwenye tanzu moja ya juu kuna tundu ambalo ndege wanazalia.

Nauliza matatu. Je, mti utahimili? Uwazi ule shinani ni hatari kiasi gani? Na kwa ua wa mita 12 kwa 9, naweza kurudisha nini kati ya vilivyopotea mtaa mzima?

Mzizi Mkuu

Mkuu, vipimo vyako vinatosha kabisa, kwa hiyo tuanze na hesabu. Gawanya mzingo kwa 3.14: unapata kipenyo cha sm 60.5. Zidisha kwa 12: mita 7.26. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya duara la mizizi linalotakiwa kulindwa. Viwango vya kulinda miti kwenye ujenzi, cha Uingereza (BS 5837) na cha Australia (AS 4970), vyote vinatumia kizidisho hicho cha 12, na vyote vinaishia mita 15 hata mti uwe mnene kiasi gani. Duara lako lina mita za mraba 166 hivi.

Msingi utapita mita 3 kutoka katikati ya shina. Mstari ulionyooka kwa umbali huo unamega mita za mraba 40 na ushee, karibu robo ya duara zima. Ni nyingi. AS 4970 inahesabu uvamizi usiozidi asilimia 10 kuwa mdogo. Ukizidi hapo, mtaalamu wa miti anatakiwa aonyeshe kwa hoja kwamba mti utaendelea kuishi. Sasa tazama: jirani akirudisha ukuta nyuma mita 2 tu, msingi ukakaa mita 5 kutoka shinani, kinachomegwa kinashuka hadi mita za mraba 16, yaani asilimia 10 hivi. Nenda kwake na mchoro wenye namba hizo mbili. Maombi ya huruma hayamsaidii mhandisi wake, ila mchoro wenye vipimo ataufanyia kazi.

Halafu usipime ukuta, pima shimo. Mafundi huchimba kupita upana wa ukuta ili wapate pa kusimama, na nusu mita ya ziada hapo ni kawaida. Kwako hiyo nusu mita ni hatari ya namna nyingine, kwa sababu mizizi minene inayouzuia mti usianguke, kwa kipenyo cha chini cha sm 70, inahesabiwa kufika mita 2.9 kutoka katikati. Shimo likipanuka hadi mita 2.5 litakuwa linakata nanga za mti, wala si midomo ya kunywea maji peke yake. Mti uliokatwa nanga upande mmoja unaweza kubaki na majani ya kijani kibichi hadi siku ya upepo mkali.

Asipokubali kurudi nyuma, kuna msingi wa nguzo: mashimo machache ya duara badala ya mtaro mrefu, na boriti inayopita juu ya ardhi, isiyozikwa. Kila shimo la nguzo lianze kwa mkono, sm 60 za kwanza, kwa chepe na si kwa kijiko cha katapila, maana sehemu kubwa ya mizizi laini imo humo. Mkikuta mzizi wa sm 2.5 au zaidi, sogezeni nguzo. Mizizi iliyo chini ya sm 2.5 ikatwe kwa msumeno mkali, kata moja iliyonyooka. Katapila haliukati mzizi, linauvuta: unapasuka nyuma kabisa chini ya shina, mahali usipoweza kuona, na kuvu inaingilia hapo. Mizizi iliyo wazi ifunikwe kwa gunia lililoloweshwa siku hiyohiyo.

Simba wa Zege

Kwa heshima zote, mti wa mita 14 ukiwa mita 3 kutoka kwenye nyumba, kwenye mfinyanzi, ni shida inayosubiri wakati wake. Mizizi itapasua msingi na kuingia kwenye mabomba ya maji taka. Ukate sasa kabla hajajenga, upande mitatu midogo mbali na mpaka. Kila mtu atalala.

Mzizi Mkuu

Simba, hoja ya mfinyanzi ni ya kweli ila umeishika mkiani. Mfinyanzi unaovimba husinyaa mti unapokunywa maji na huvimba unapolowa. Mti mkubwa ukiukausha udongo kwa miaka mingi halafu ukakatwa, maji yanarudi na udongo unainuka taratibu, na kuinuka huko kunaweza kuendelea miaka kadhaa. Sasa weka nyumba mpya juu yake mwezi mmoja baada ya kukata. Nyufa zitakuja, na zitatokana na mti usiokuwepo. Kwa hiyo mhandisi wake anatakiwa kuubuni msingi kwa hali zote mbili, mti ukiwepo na mti ukiondoka: msingi wa kina zaidi, au nguzo na boriti yenye nafasi tupu chini yake ili udongo ukiinuka usiisukume. Ni msingi uleule nilioutaja juu.

Mabomba: mzizi hautoboi bomba zima. Unafuata unyevu unaovuja kwenye maungio, ukikuta ufa unaingia na kunenepa humo. Bomba jipya lenye maungio yasiyovuja ndilo dawa.

Na hiyo mitatu midogo. Taji lenye upana wa mita 12 linafunika mita za mraba 113. Mche wenye taji la mita 1 unafunika mita za mraba 0.8. Ili kufunika eneo lile leo unahitaji miche 144, na hapo hatujagusa tundu la ndege, ambalo halipatikani kitaluni kwa bei yoyote.

Gogota

Nijibu la uwazi. Sauti ya uwazi peke yake si hukumu. Mti hauponi jeraha kama ngozi inavyopona. Unajenga ukuta wa ndani kuizunguka sehemu iliyooza, kisha unaongeza mbao mpya nje. Alex Shigo wa idara ya misitu ya Marekani ndiye aliyelifafanua jambo hili kwa kupasua maelfu ya magogo. Shina tupu ni bomba, na bomba lenye ukuta mnene ni imara.

Kipimo kinachotumika sana ni cha mtafiti wa Ujerumani, Claus Mattheck: unene wa mbao nzima ukigawanywa kwa nusu kipenyo cha shina usipungue 0.3. Shina lako lina nusu kipenyo cha sm 30, kwa hiyo unataka mbao nzima isiyopungua sm 9 pande zote, na mimi ningetaka 10. Lakini kipimo hiki kinaudhani mti usio na mlango. Kama uwazi una mdomo ulioachama upande mmoja, au kuna ufa wima, au uyoga mgumu umeota kwenye kitako cha shina, 0.3 haina maana tena.

Gonga kwa nyundo ya mbao kila sm 20 kuzunguka shina, kwenye vimo vitatu (sm 20, 60 na 120), na uweke alama kwa chaki pale sauti inapobadilika. Utapata ramani. Alama zikizunguka shina zima, mwite mtu mwenye kifaa cha sindano kinachopima ukinzani wa mbao. Usitoboe mwenyewe kwa keekee nene "kuangalia tu". Kila tundu linavunja ule ukuta ambao mti umeujenga kwa miaka, na uozo uliokuwa umefungiwa unapata njia ya kutoka.

Kumbuka pia hatari ni mambo mawili, mti kuvunjika na kitu kilicho chini yake. Nyumba ya jirani ikishasimama, kipengele cha pili kinabadilika ingawa mti ni uleule. Ukaguzi mmoja kabla ya ujenzi, mwingine baada.

Jirani akitaka kupunguza matawi yanayovuka kwake, usimwachie kijana na panga. Tawi zito linakatwa mara tatu. Kwanza kwa chini, sm 30 kutoka shinani, theluthi ya unene. Pili kwa juu, sm 3 mbele zaidi, mpaka tawi lianguke bila kuchuna gome. Tatu unaondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo tu ya ule uvimbe mahali tawi linapoungana na shina. Ukiukata uvimbe wenyewe umeondoa kiungo kinachofunga jeraha. Ukiacha kisiki kirefu, kinaoza na kuongoza uozo ndani. Usipake rangi wala lami. Jumla ya majani yanayoondoka kwa mwaka isizidi robo, na kwa mti unaokatwa mizizi mwaka huohuo ningeomba isiondoke hata moja isiyo lazima, kwa sababu majani ndiyo yanayolipia mizizi mipya. Kuna dhana kwamba ukikata mizizi upunguze na majani "kusawazisha". Iacheni.

Chipukizi

Asanteni sana wakuu. Nimegonga: sauti inabadilika upande mmoja tu wa shina, upana wa kama sm 40, chini ya kimo cha sm 60. Hakuna mdomo wala uyoga. Jirani amekubali nguzo na boriti. Sasa wakati wa ujenzi wenyewe nizuie nini? Na swali langu la tatu bado linanikaa kichwani.

Mzizi Mkuu

Hapo ndipo miti mingi hufia, na msumeno haujaguswa. Lori moja likipita mara kadhaa juu ya mfinyanzi uliolowa linashindilia udongo kiasi kwamba hewa haipenyi. Mizizi inakosa pumzi. Dalili zinakuja baada ya miaka miwili, mitatu, hata saba: vitawi vya juu vinakauka, majani yanakuwa madogo, machipukizi yanazuka shinani. Wakati huo fundi ameshalipwa na kila mtu anasema ni ugonjwa.

Upande wako weka uzio wa mita 1.8 kuzunguka duara lote la mita 7.26, au hadi ukuta wa nyumba yako kama duara linaufikia, na usiugeuze kuwa stoo. Upande wake, pale ambapo watu na toroli lazima wapite, mwaga vipande vya mbao vilivyosagwa kina cha sm 15 hadi 20, juu yake mbao za plaiwudi. Hiyo inabeba watu na toroli. Kwa lori haitoshi, lori libaki nje ya duara.

Kuna mawili yanayosahaulika. Maji ya kuoshea vifaa vya zege ni makali mno. Yakimwagwa juu ya mizizi yanaharibu udongo kwa muda mrefu, kwa hiyo pawe na pipa au shimo lililotandikwa turubai, nje ya duara. La pili ni kifusi. Udongo wa msingi hutafutiwa pa kutupa, na chini ya mti panaonekana patupu. Tabaka la sm 15 la mfinyanzi juu ya mizizi linatosha kuidhoofisha. Shina linalozama ardhini bila kupanuka kwa chini kama mguu wa tembo ni ishara kwamba mtu amefukia.

Kumwagilia: upande wako uliobaki, kama hakuna mvua, lita 25 kwa kila mita ya mraba, polepole. Mfinyanzi ukimwagiwa haraka unateremsha maji mtaroni. Chomeka nondo ya milimita 6. Ikishuka sm 25 bila kugongwa, umetosheleza. Rudia nondo inapogoma. Tandaza matandazo ya sm 5 hadi 10, yasiguse shina. Mbolea ya naitrojeni usiweke mwaka huu, itausukuma mti kutoa majani ambayo mizizi iliyokatwa haiwezi kuyanywesha.

Bi. Kereng'ende

Hilo la tatu niachieni.

Mwanangu, usianze kwa kununua masanduku ya viota. Anza na viwavi. Ndege wengi wadogo, hata wale wanaokula mbegu wakiwa wakubwa, hulisha makinda yao wadudu. Kwa chikadii, ndege wa Marekani mwenye uzito wa gramu 10 hivi, Douglas Tallamy wa Chuo Kikuu cha Delaware huandika kuwa kiota kimoja kinahitaji viwavi 6,000 hadi 9,000 mpaka makinda yaruke. Viwavi nao wengi hawali jani lolote tu. Wanakula mimea waliyoizoea kwa vizazi na vizazi. Ndiyo maana utafiti uliochapishwa 2018 kwenye nyua za nyumba za Washington, D.C. ulikuta chikadii hawazai vya kutosha kujirudishia idadi yao pale mimea ya asili ilipopungua chini ya asilimia 70 ya uoto wote. Ua unaweza kuwa wa kijani tupu na kwa ndege ukawa jangwa. Kwa hiyo kila unachopanda, uliza kwanza: ni cha asili ya hapa, na majani yake yanaliwa na nani? Mmea ambao majani yake hayana tundu hata moja haumlishi mtu.

Kwenye mita 12 kwa 9, mti wako umeshachukua dari. Kinachokosekana ni ghorofa za chini. Kando ya uzio wa mbali panda ua wa vichaka, mistari miwili iliyopishana, sm 40 kati ya mistari na sm 50 kati ya miche. Mita 9 zinameza miche 36 hivi. Changanya spishi nne au tano zinazozaa kwa nyakati tofauti, mmoja uwe na miiba, maana kiota ndani ya miiba paka hakifikii. Ndani ya duara la mizizi usichimbe mashimo makubwa. Hapo tumia miche midogo kabisa, kijiko cha bustani, na ukikutana na mzizi usogee.

Majani yanayoanguka yaache chini ya mti na vichaka. Wadudu wengi hujibadilisha humo, na anayefagia kila asubuhi anafagia na kipepeo wa mwezi ujao. Acha pia mita moja au mbili za mraba za udongo mtupu penye jua, kwa sababu karibu asilimia 70 ya spishi za nyuki wa mwituni huchimba ardhini, hawakai mizingani.

Sanduku la kiota sasa. Ni la akiba, endapo ile tanzu yenye tundu italazimika kushuka. Tatizo la masanduku ya dukani ni wembamba: uwazi wa mti hubaki na joto la wastani, sanduku jembamba linageuka tanuri. Tumia mbao isiyopakwa dawa, unene wa milimita 20 au zaidi, sakafu sm 15 kwa 15, tundu la milimita 32 kwa ndege wa ukubwa wa shomoro, katikati yake ikiwa sm 15 juu ya sakafu. Toboa vitundu vinne vya milimita 8 sakafuni vya kutoa maji na viwili chini ya paa vya hewa. Usiweke kijiti cha kutua mbele. Mwenye nyumba hakihitaji, anayekitumia ni mvamizi. Mita 3 juu, kivulini, mdomo usielekee jua la mchana wala mvua inakotokea. Na tanzu hiyo isishushwe wakati wa makinda. Chunguza kwanza jioni kama popo wanatoka. Mahali pengi wanalindwa kisheria, uliza halmashauri yako kabla.

Chipukizi

Bibi, shikamoo na asante. Ikishuka, tanzu yenyewe niichome au? Pia kuna wazo la kidimbwi ila nyumbani wanaogopa mbu.

Bi. Kereng'ende

Marahaba. Usiichome. Sehemu yenye tundu ikatwe nzima, sm 50 juu ya tundu na sm 50 chini, ishushwe kwa kamba, kisha ifungwe wima kwenye shina au nguzo, juu ikizibwa kwa kipande cha mbao. Hilo ni sanduku bora kuliko yote. Magogo mengine yazike nusu, sm 30 hadi 40 ardhini, kivulini, kwa ajili ya mabuu ya mbawakawa. Yasiegemee nyumba wala uzio wa mbao, mchwa hawachagui.

Kidimbwi kiwe na kina cha sm 60 katikati na upande mmoja wa mteremko mrefu wa kupandia, wasizame kalunguyeye na makinda. Samaki usiweke: watakula viluwiluwi vya chura na mabuu ya kereng'ende, na hao kereng'ende wachanga ndio wanaokula mabuu ya mbu. Miezi ya kwanza, kabla hao hawajafika, mbu watakuwepo, hilo sikufichi. Chota kwa kichungio cha chai kila siku tatu. Ukiona hutaiweza kazi hiyo, weka sinia la maji la kina cha sm 3 na ulimwage kila siku mbili. Kwenye joto mbu anahitaji wiki moja hivi kutoka yai hadi mabawa.

Gogota

Nyongeza kwa wote wawili, wewe na jirani. Nyumba mpya huja na vioo vikubwa na taa za nje. Kioo kinachoakisi mti wako kitaua ndege wanaoutumia. Alama zibandikwe upande wa nje wa kioo, zisizidi sm 5 kati yake. Stika moja ya kunguru katikati ya dirisha haisaidii. Taa ziwe za rangi ya joto, chini ya kelvini 3,000, zitazame chini, ziwake mtu anapopita tu. Na kabla hajajenga uzio, mwombe aache tundu la sm 13 kwa 13 chini yake, upande wa vichaka, wanyama wadogo kama kalunguyeye wapite. Kupitisha kwenye ukuta ambao haujajengwa ni rahisi, baadaye itabidi uite fundi wa kutoboa zege.

Simba wa Zege

Hilo la tundu mwambie fundi aweke kipande cha bomba la inchi 6 kwenye tofali la chini kabla hajamwaga. Bila hivyo atasahau.